Koki Nyekundu ya Pembeni

Mwanangu Manka,

Salamu nitaziruka, maana uko hapo nje jikoni na shangazi yako Felista na ninawasikia mnavyocheka. Ni saa tisa mchana. Nimejifungia chumbani nikasema kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi. Nilitaka barua hii isiwe na uongo hata mmoja, na unaona nimeanza vibaya kabla wino haujakauka.

Kesho asubuhi unakwenda Arusha. Habari za sweta, dawa za malaria, wanaume na misa ya Jumapili mama yako ameshakueleza, tena kwa mpangilio huohuo, na mimi sina la kuongeza. Nilifikiri nikuandikie juu ya mfumo wa maji wa gari-nyumba, kwa kuwa ndiyo kazi uliyoitiwa kwenye ile gereji, na kwa kuwa kila mtu hapa Mwika anasema umerithi mikono ya baba yako. Jumatano kwenye jumuiya mwenyekiti alisali akamshukuru Mungu kwa ufundi wako na uaminifu wa baba yako. Wote wakaitikia amina. Mimi nikaangalia viatu vyangu mpaka akamaliza.

Kwa hiyo nitakuandikia juu ya maji, ila nitakuandikia na lile ambalo sikukuambia siku zote nilizokufundisha.

Ulikuwa na miaka saba gari lile lilipokuja. Huenda unalikumbuka: lori kuukuu la rangi ya maziwa, mgongoni limejengewa nyumba yenye madirisha na mapazia, limeegeshwa kwenye kiwanja cha chuo cha ufundi kule chini ya barabara. Mwenyewe alikuwa Mzungu mrefu aliyekuja kufundisha useremala, tukamwita Mwalimu. Yeye, mkewe na binti yao Ana wa miaka minne waliishi mle ndani badala ya nyumba waliyopewa na chuo, na watu walishuka toka juu huko kuja kushangaa mtu anayekataa nyumba ya matofali akalala kwenye lori. Mimi niliajiriwa kulilinda, kujaza maji na kumwaga machafu. Kahawa ilikuwa imeanza kununuliwa na wafanyabiashara binafsi, leo bei hii, kesho bei ile, wengine waling'oa mibuni wakapanda nyanya, na mimi nilishukuru kupata kazi ya mshahara. Baada ya wiki mbili mke wa Mwalimu akataka mpishi. Nikampeleka dada yangu Felista, ambaye siku hizo hapakuwa na ubatizo wala harusi upande wetu huu isiyomwita kupika.

Mwalimu alinifundisha mfumo wa maji kwa siku mbili, akanichorea kwenye ubao wa mbao aliokuwa akirandia. Ni mwepesi kuuelewa ukikubali kuyafuata maji taratibu, toka yanapoingia mpaka yanapotoka. Yanaingia kwenye mdomo ulio ubavuni mwa gari, yanashuka kwenye tangi la maji safi chini ya kitanda. Pampu ndogo ya betri inayavuta. Ukifungua bomba la sinki utaisikia ikinguruma, ukifunga inanyamaza. Ikinguruma wakati mabomba yote yamefungwa, kuna mahali panavuja, usiende kulala. Baada ya pampu kuna chujio, kisha njia inagawanyika, moja ya maji baridi, nyingine inapita kwenye chombo cha kuchemshia. Yakishatumika yanaangukia tangi la machafu, na ya choo yana tangi lake peke yake. Kila njia ina koki. Mkono wa koki ukilala sawa na bomba, maji yanapita. Ukikaa msalaba, umefunga. Hilo nilikufundisha ukiwa darasa la tano, ukawa unafunga na kufungua koki mbovu pale uani mpaka mama yako akazificha.

Nilishika haraka kuliko Mwalimu alivyotegemea, akanisifu. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimejifunza kwingine. Babu yangu alikuwa msimamizi wa mfongo wetu, ule mfereji unaoleta maji toka mtoni huko juu msituni mpaka kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Nilikua nikimfuata, nikiona zamu zinavyogawanywa, nani afungue asubuhi, nani jioni, na jinsi anavyoelekeza maji kwa gogo la mgomba na udongo tu. Nilipolitazama gari la Mwalimu niliona mfongo uliokunjwa ukatiwa kwenye sanduku. Nilijiona mtaalamu. Nilitembea na spana mfukoni hata siku za kwenda kanisani, mama yako ni shahidi.

Sasa lile chujio. Lilikuwa na koki tatu: ya kuingilia, ya kutokea, na ya tatu kwenye kipande cha bomba kinachozunguka pembeni bila kupita kwenye chujio. Kazi ya hiyo ya tatu ni moja. Ukitaka kubadilisha chujio unafunga zile mbili, unafungua ya pembeni ili maji ya kuoshea vyombo yasikatike, ukimaliza unarudisha. Mwalimu aliipaka rangi nyekundu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Hii nyekundu wazi, hakuna kunywa. Mtu yeyote, hakuna kunywa." Akanifanya nirudie. Akasema pia kwamba tangi lijazwe kwa maji ya bomba la chuo tu, yale yanayotiwa dawa, na kwa mpira mweupe tu, basi.

Mwaka wa pili, mwisho wa kiangazi, wakaenda Tanga kwa rafiki zao wiki nzima, kwa gari la chuo. Walikuwa warudi Jumamosi, na kazi yangu ilikuwa wakute tangi limejaa. Jumatano bomba la chuo likakauka. Alhamisi kavu, Ijumaa kavu. Nilichotakiwa kufanya ni kitu chepesi kabisa: wakifika, niseme, "Mwalimu, maji hakuna, tangi ni tupu." Angeinua mabega, tungekwenda kuchota mjini, yakaisha. Lakini nilishindwa kuvumilia kumwambia Mzungu kwamba kwetu maji yamekwisha, mimi mjukuu wa msimamizi, na mfongo wenyewe unapita hatua mia tu juu ya kiwanja. Ni majivuno, wala sina jina lingine la kuyapa. Jumamosi alfajiri nikachukua madumu nikapanda.

Babu alitulea tukijua kwamba maji ya alfajiri ndiyo ya kunywa. Kabla jua halijachomoza hakuna kufua, hakuna kunywesha ng'ombe, hakuna kuyaelekeza shambani, ni maji ya nyumbani tu. Aliyevunja alitozwa pombe ya mbege na mbuzi. Maji hayo niliyanywa tangu naachishwa ziwa na sikuwahi kuumwa tumbo. Kwa hiyo nilichota nikiwa na amani. Nilichokataa kukiona ni kwamba babu alishakufa, waliomfuata walikuwa wamechoka kugombana na watu, na huko juu mwenye nyanya mmoja alikuwa amejenga zizi la nguruwe ukingoni kabisa mwa mfongo. Sisemi sikulijua lile zizi. Nililipita kila Jumapili nikiziba pua.

Maji yalikuwa na udongo kidogo. Nikajaza tangi, saa nne nikawasha pampu kujaribu. Ikanguruma kwa shida, bomba la sinki likatoa uzi wa maji, kisha matone. Chujio limeziba. La akiba lilikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao Mwalimu.

Wewe ungezima pampu ukangoja. Najua, kwa sababu nimekuona ukifanya kazi. Mimi nilifanya lile ambalo watu wetu hufanya mfongo unapoziba: unafungua njia ya pembeni, maji yazunguke, unazibua bila haraka, halafu unayarudisha. Kwenye mfongo hakuna ubaya, kwa kuwa maji yanayopita pembeni ni yaleyale. Nikaigeuza koki nyekundu ikalala sawa na bomba, nikazifunga zile mbili, na maji yakatoka kwa nguvu. Niliyakinga kwenye glasi nikayainua juani. Yalionekana safi. Nikasema jioni nitamwomba Mwalimu ufunguo.

Walifika saa nane wamejaa vumbi, Ana analia kwa joto. Mama yake akapanda ndani, akafungua bomba, akamjazia kikombe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Manka, nilikuwa nimesimama mlangoni na nikaona, na neno lilikuwa mdomoni, na sikulitoa. Nilijiambia kwamba mimi nimeyanywa hayo maji maisha yangu yote na niko hai. Nikasaidia kushusha mizigo. Wale wakubwa wawili hawakuyagusa, walikuwa na chai yao kwenye chupa na walimaliza soda walizokuja nazo. Ufunguo sikuuomba jioni ile wala kesho yake, na mtoto aliyanywa siku mbili.

Jumatatu asubuhi Ana hakuweza kuinua kichwa. Alitapika na kuharisha mpaka macho yakaingia ndani na ngozi ya mkono ukiifinya haikurudi. Felista ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari la chuo, kanga yake yote imelowa. Wakamkimbiza hospitali mjini. Mimi nikabaki na gari-nyumba, safari hii na funguo zote, kwa kuwa Mwalimu alinitupia bila kuhesabu.

Yaliyopita mpaka hapo naweza kuyaita ujinga. Yanayofuata niliyafanya kwa akili timamu. Nilifungua koki ya chini ya tangi, maji yote yakamwagika kwenye nyasi. Nikafungua kabati, nikaweka chujio jipya, lile la zamani nikalifukia mgombani. Koki nyekundu nikairudisha msalaba. Bomba la chuo lilikuwa limeanza kutoa tangu Jumapili, kwa hiyo nikatia dawa kwenye tangi, nikaisukuma mpaka harufu yake ikafika kwenye kila bomba, la baridi na la moto, nikaiacha ikae, nikamwaga, nikasuuza mara tatu, nikajaza upya kwa mpira mweupe. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na hiyo ndiyo kazi ninayokufundisha siku zote kama mfano wa namna ya kusafisha mfumo. Umeiandika kwenye daftari lako. Nimeiona.

Jumanne Mwalimu alirudi peke yake, hajanyoa, macho mekundu. Mtoto alikuwa hai, ametundikiwa dripu, na daktari alisema ni maji machafu au chakula. Mwalimu akapiga magoti chini ya sinki na tochi. Akaitazama koki nyekundu, akaishika. Akalitazama chujio.

"Hili jipya," akasema.

"Nilibadilisha jana, Mwalimu. Nilifikiri bora kubadilisha."

"Maji ya Jumamosi yametoka wapi?"

"Bombani."

"Bomba la chuo?"

"Bomba la chuo, Mwalimu."

Akaniamini palepale. Nilikuwa na jina zuri kwake. Akatoka nje, ambako Felista alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi za mtori, maana alisikia mtoto anaendelea vizuri akataka akute kitu laini. Mwalimu akamwuliza ni nini mtoto alikula. Felista akasema, mtori, maziwa, papai. Akamwuliza kama yeye mwenyewe alinawa mikono. Akasema alinawa. Akamwuliza, kwa sabuni, kila mara?

Hapo Felista akanyamaza. Alishika kisu akatazama juu, na mimi niliyekuwa nimesimama pembeni nilijua anachofanya. Alikuwa anajaribu kukumbuka. Alikuwa anapitia kila mara aliyonawa mikono siku mbili zile, moja moja, ili ajibu kweli. Mimi nilikuwa nimejibu bila kuvuta pumzi.

"Nafikiri ndiyo," akasema.

Neno lile "nafikiri" ndilo lililomfukuza kazi. Mwalimu hakumfokea, alimwambia tu kwamba mkewe hataweza tena kula chakula chake, na kwamba anaomba samahani. Felista akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kigoda. Tulipanda wote jioni ile. Tulipofika kwenye njia ya kuingia kwa mama, akasimama.

"Kaka," akaniuliza, "yale maji ulichota bombani kweli?"

Sasa fikiria. Hapakuwa na Mzungu, hapakuwa na kazi ya kulinda, palikuwa na dada yangu wa tumbo moja na mimi. Nikasema, "Ndiyo." Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Basi ni mimi." Akaingia kwa mama.

Yaliyofuata unayajua bila kujua chanzo chake. Habari ilipanda mlima haraka kuliko sisi. Hakuna aliyesema kwa sauti, lakini hapakuwa tena na aliyemwita kupika. Baada ya mwaka akahamia Tarakea, akaanza kuuza mahindi na maharage na sabuni zinazovuka toka Kenya, na akafanikiwa, watu husema alipata bahati. Wewe umemjua kama shangazi wa mizigo na zawadi. Kila Krismasi anashuka na magunia, lakini hakuna aliyemwona akikoroga sufuria. Anakaa, analetewa, anakula. Mmekuwa mkimtania kwamba yeye ni mgeni rasmi, kwamba Tarakea imemfanya bosi. Leo hapo jikoni nakusikia wewe unamenya, yeye anapiga hadithi. Nami nimecheka pamoja nanyi miaka yote hiyo. Mwaka juzi utani ule niliuanzisha mimi. Nilisema tumtafutie mpishi wa kwenda naye. Alicheka. Nimejaribu mara nyingi kuisahau ile sura alipocheka.

Mwalimu alipoondoka nchini aliniachia barua ya sifa. Umeiona, iko kabatini kwenye mfuko wa plastiki, imeandikwa kwamba mimi ni mtu anayeweza kukabidhiwa maji ya mtoto wako. Aliandika hivyo hasa, kwa sababu baada ya ugonjwa ule nilikuwa nimemjazia tangi miezi mingi na Ana hakuumwa tena. Barua ile ndiyo iliyonifungulia mlango wa magari ya watalii Moshi na Arusha. Magari yale ndiyo yaliyokusomesha, na jina nililolipata huko ndilo lililofanya mwenye gereji akuite wewe kabla hajauliza cheti.

Sijui nikupe ushauri gani, mtu kama mimi. Naweza kukuambia tu lililonipata. Utakosea kwenye kazi hii. Utasahau koki, utaunganisha mpira usiotakiwa, utachoka siku moja ukasema nitarudisha jioni. Na baada ya kukosea utapata muda mfupi ambao jambo zima bado linaweza kusemwa kwa maneno matano: niliacha ile koki nyekundu wazi. Mimi niliupata muda huo mara tatu, mlangoni mtoto anakunywa, chini ya sinki na tochi, na njiani na dada yangu. Kila mara maneno yalikuwa yaleyale matano, na kila mara yalikuwa mazito zaidi, mpaka nikawa siwezi kuyainua kabisa.

Nisamehe, nimeandika kama mtu anayejua. Sijui. Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii kwenye begi lako, chini ya spana, uikute Arusha, nami niwe mbali. Hata hapo nilikuwa natafuta njia ya pembeni.

*

Naendelea. Sasa ni saa kumi na mbili kasoro, na mambo hayako kama yalivyokuwa nilipoweka kalamu.

Felista aligonga na kikombe cha chai. "Kaka, kichwa bado?"

Nikamwambia aingie.

"Unaandika nini na kichwa kibovu?"

"Namwandikia Manka."

"Mtu yuko hapo nje umemwandikia barua? Si umwite tu." Akaketi kitandani, akacheka kidogo. Akaona uso wangu akaacha kucheka.

Nilijaribu kusema nikashindwa. Ndipo nikamsomea. Nilianza pale walipokwenda Tanga, nikasoma mpaka mwisho, pamoja na utani wa mwaka juzi. Sikumtazama. Nilipomaliza chai ilikuwa imeshapoa, na wewe na mama yako huko nje mlikuwa mnabishana juu ya chumvi.

Swali lake la kwanza sikulitegemea. "Hiyo koki nyekundu ilikuwa chini ya sinki?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa nafagia pale kila siku," akasema. "Ningejua maana yake ningeirudisha."

Halafu akazungumza polepole, kama mtu anayehesabu. "Mwanangu Eliza alipojifungua mtoto wa kwanza, alirudi kwangu Tarakea nimtunze. Nilimwambia mgongo unauma. Nikamlipa mama wa jirani aje ampikie mtori. Mtoto wangu mwenyewe, kaka, mzazi, nimekaa naye ukuta mmoja, anakula mkono wa jirani. Aliniuliza, mama, nimekukosea nini? Sikumwambia. Ningemwambiaje kwamba naogopa mikono yangu?"

Nikasema, "Felista."

"Ngoja," akasema. "Nilikuwa naiosha mpaka inachanika. Wewe umeiona. Ukaniambia ni sabuni ya Kenya, kali."

Ni kweli, nilimwambia hivyo. Nilikuwa nimesahau hata hilo.

Nikamwambia kwamba kesho, wewe ukishaondoka, nitamletea isale mbele ya ukoo, nimwombe msamaha inavyotakiwa, na nitasema kila kitu kwenye jumuiya kwa mdomo wangu. Unajua sheria yetu. Aliyekosa akikuletea jani la isale hukatai, hata kama amekuulia mtu, unapokea na ugomvi unakwisha. Nilifikiri ndilo jambo kubwa kuliko yote ninaloweza kumpa.

"Kwenye jumuiya sema," akanijibu. "Na kwa Eliza nenda mwenyewe ukamwambie. Lakini isale usilete."

"Kwa nini?"

"Ukileta itanibidi nipokee, na nikishapokea yamekwisha. Mimi sitaki yaishe kesho." Sauti yake haikupanda. "Miaka yote hii nimejikasirikia mwenyewe. Wewe sijakukasirikia hata siku moja, nilikuwa sijui kama ni wewe. Niache kwanza nikukasirikie. Nitakutumia ujumbe siku nikiwa tayari kuiona hiyo isale. Kama itafika."

Nimekulia kwenye desturi hii na sikuwahi kufikiri kwamba jani lile linaweza kumnyang'anya mtu haki yake.

Akasimama, akachukua kikombe. Mlangoni akageuka. "Kesho nani anamsindikiza Manka stendi?"

"Mimi," nikasema. Unajua nimeingoja siku hiyo. Nimekuwa nikiwaza tangu mwaka jana nitakavyokubebea begi mpaka kwenye mlango wa basi na kukuonyesha kwa watu.

"Nitamsindikiza mimi," akasema. "Wewe ubaki nyumbani."

Nikasema sawa. Akafunga mlango taratibu, na nikamsikia akikuambia kichwa cha baba bado kinamsumbua. Alinifichia hata hilo, Manka, baada ya yote niliyomsomea.

Basi imekuwa hivyo. Kesho begi litabebwa na mtu anayestahili kulibeba. Njiani usimwulize kitu. Akitaka kusema atasema, na akinisema vibaya, msikilize mpaka mwisho, usinitetee. Nimezoea kutetewa.

Barua hii sitaiweka tena kwenye begi. Nitakupa leo, sasa hivi, kabla hatujaketi kula, ili kama kesho asubuhi utaona huwezi kuniaga, uwe na usiku mzima wa kuamua.

Baba yako,
Deo